Mashimo Sita ya Migomba na Moja la Aibu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Mei, mlango wa nyuma wa nyumba moja ya mbao mjini Columbia Heights, Minnesota, Marekani, unasukumwa kwa goti. Nkatha anatoka amebeba trei mbili za miche, moja juu ya nyingine, na ile ya juu ameibana kwa kidevu isiteleze. Ndani ya trei hizo kuna mboga za kwao, managu na terere, pamoja na nyanya na dania. Jumla ni miche mia moja kumi na minane.

Ameihesabu mwenyewe. Huihesabu kila asubuhi na kila jioni, kama mwalimu wa zamu anavyohesabu vichwa vya wanafunzi bwenini, na kwa shaka ileile.

Miche hii ilizaliwa mwezi wa tatu katika chumba cha chini cha nyumba, chini ya taa ya kununuliwa dukani, huku theluji ikiwa bado imelala nje. Haijui upepo wala jua la kweli. Kwa hiyo ni siku ya kumi sasa inatolewa nje asubuhi na kurudishwa ndani jioni, saa zikiongezwa kidogo kidogo, mpaka mashina yazoee kusukumwa na dunia. Jotham, mume wa Nkatha, ameipa jina: wanafunzi wa kutwa.

"Mama Shekinah, hao wa kutwa wamekunywa chai?" anauliza kutoka jikoni.

"Wewe umekunywa yako. Nyamaza."

Akishazitua trei hizo, Nkatha haendi shambani. Anakwenda kwenye uzio wa upande wa mashariki, anachuchumaa na kuweka mikono nyuma ya mgongo, kama mtu aliyeonywa na mlinzi wa makumbusho kwamba akigusa kitu atalipa. Mbele yake kuna mashina saba ya maua yanayoitwa pioni. Sita yana majani ya kijani kibichi, yaliyoshiba, yasiyo na haya wala ua. Shina la saba, dogo kuliko yote, lina matumba mawili yenye ukubwa wa gololi. Sisimizi wanapanda na kushuka juu yake kama wakaguzi wa serikali.

"Mawili," anasema Nkatha. "Jana mawili. Leo mawili. Bwana asifiwe."

Msomaji asidhani hii ni ibada. Hayo matumba mawili ndiyo yanayobeba shamba lote la mboga lililo nyuma yake, na sharti liko wazi. Mwenye nyumba, bibi wa miaka themanini na minne aitwaye Arlys, alitamka kwamba pioni zikichanua kufikia tarehe kumi na mbili Juni, Nkatha ataendelea kulima. Zisipochanua, shamba litarudi kuwa nyasi, na managu yatatafutiwa makao kwingine.

Nkatha ana miaka arobaini na tisa. Alizaliwa Igoji, Meru, na ni mwaka wa tisa sasa tangu afike Minnesota. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko New Hope, kwa dola ishirini na tatu kwa saa. Huwaogesha, huwavalisha, huwageuza kitandani, na huwasikiliza. Hiyo ya mwisho, anasema, haimo kwenye mkataba lakini ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi.

Familia ilipohamia ghorofa ya chini ya nyumba ya Arlys, miaka mitatu iliyopita, alipewa kipande cha udongo kando ya ngazi, kisichozidi kitanda cha mtu mmoja. Mwaka huo wa kwanza Aprili ilileta siku nne za joto, na siku ya tano mvua ikanyesha.

"Mimi ni Mmeru," anaeleza. "Mvua ikinyesha, unapanda. Hakuna mkutano wa kujadili hilo. Nilipanda kila kitu siku hiyohiyo, na gauni la kanisani."

Siku tatu baadaye theluji ilianguka, inchi tano. Jotham anadai kwamba mkewe alisimama dirishani akaimba wimbo wa mazishi, lakini Jotham ni shahidi wa kutiliwa shaka. Lililo na hakika ni kwamba Nkatha alijifunza jambo ambalo wenyeji hulijua tangu utotoni: hapa mvua ya Aprili haina maana yoyote. Mtu hungoja katikati ya Mei, jalidi ya mwisho ipite, ndipo atie mkono ardhini.

Alijifunza pia mambo mengine ya ajabu. Terere, ambayo kifungu chake kimoja hununuliwa dola tano katika maduka ya Frogtown, huota yenyewe nyuma ya karakana ya jirani. Jirani huing'oa kwa glavu, huitia kwenye mfuko, na huiweka kando ya barabara ichukuliwe na gari la taka.

"Mara ya kwanza nilitaka kumshtaki," anasema Nkatha. "Mara ya pili nilimwomba. Sasa akiing'oa ananiletea mlangoni. Anadhani nafuga sungura."

Mkasa wa pioni ulianza Septemba mwaka jana. Nkatha alimwomba Arlys ile sehemu pana ya nyuma, inayopata jua tangu asubuhi hadi jioni. Arlys alikubali, ila palikuwa na tatizo: katikati ya sehemu hiyo paliota mashina saba ya pioni. Mama yake Arlys aliyatoa kwenye shamba la ng'ombe la familia, magharibi ya jimbo, akayaleta mjini kwenye ndoo za maziwa. Kila mwaka, tarehe kumi na mbili Juni, siku aliyozaliwa mama huyo, Arlys hujaza ndoo maua na kuyapeleka kaburini.

"Yahamishe hadi kwenye uzio," Arlys alimwambia. "Kwa uangalifu. Yakichanua mwakani, shamba ni lako. Yasipochanua, narudisha nyasi yangu."

Wiki iliyofuata Arlys alilazwa hospitali kubadilishwa nyonga. Nkatha akabaki na sepetu, magunia manne ya samadi, na urithi wa mama wa mtu.

Hapa inabidi tupite kwanza Igoji. Baba yake Nkatha alikuwa mkulima wa ndizi, na hakuwa na imani na futi wala rula. Alipochimba shimo la mgomba alimsimamisha mtoto ndani yake. Magoti ya mtoto yakionekana juu ya ardhi, shimo halijafika. Wakati huo mtoto mfupi kuliko wote pale nyumbani alikuwa Nkatha.

"Mimi ndiye niliyekuwa rula ya nyumba yetu," anasema. "Nimesimama ndani ya mashimo mengi kuliko maiti yeyote wa Igoji."

Basi alipokabidhiwa kitu cha thamani cha kupanda, alikipanda kwa heshima zote alizozijua. Alichimba mpaka shimo likameza goti lake mwenyewe, ambalo sasa ni goti la mtu mzima. Akatia samadi, akashusha shina, akafukia, akakanyaga. Mashimo sita yalikwenda hivyo, kwa siku mbili na mgongo mmoja.

Shimo la saba liligoma. Sepetu ilikita kwenye mzizi wa mti mkubwa wa jirani, kina cha kiganja tu. Nkatha alijaribu kushoto, akajaribu kulia. Ilikuwa saa saba mchana na shifti yake ilianza saa nane. Akalilaza lile shina juujuu, akalifunika na udongo kidogo na majani makavu, akaondoka.

"Nililiambia pole," anakumbuka. "Niliona aibu. Nilisema hili moja litakufa, na ni haki yangu kulaumiwa."

Theluji ilikuja, ikakaa miezi mitano kama mgeni asiye na nauli. Ilipoyeyuka, mwishoni mwa Aprili, machipukizi mekundu yalijitokeza kando ya uzio, membamba kama vidole vya mtoto mchanga. Mashina yote saba yalikuwa hai. Nkatha alipiga picha arobaini na moja na kuzituma Igoji, ambako ndugu yake alijibu kwa kuuliza kama yanaliwa.

Mei ilipofika katikati, mambo yakawa ya kushangaza. Majirani walikuwa na matumba. Yeye alikuwa na majani. Alimwagilia, hakuna. Aliongeza samadi, yakaja majani zaidi.

Jibu alilipata kazini, amepiga magoti, akimvalisha soksi mzee wa miaka tisini na mmoja aliyekuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mkewe marehemu alipenda pioni. Nkatha akamsimulia shida yake ili apitishe muda, maana soksi zile za kubana miguu hazina haraka.

"Ulizipanda kina gani?" mzee akauliza.

Nkatha akaiacha soksi katikati ya mguu, akaweka kiganja juu ya goti lake mwenyewe.

Mzee aliutazama ule mkono. Kisha akacheka, akacheka, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni kuona kama kuna dharura.

"Binti yangu," alisema alipopata pumzi, "ulizipanda au ulizizika?"

Akamwonyesha kwa kidole chake cha shahada, pingili mbili tu. Macho ya pioni, yale machipukizi mekundu yanayokaa kwenye shina kama macho ya kiazi, hayatakiwi kufunikwa zaidi ya inchi mbili za udongo. Lazima yaguswe na baridi. Yakizikwa chini mno, mmea utaishi miaka mingi, utatoa majani ya kujivunia, na hautachanua.

"Miaka tisa nimeikimbia baridi ya hapa," anasema Nkatha. "Nimenunua makoti manne. Kumbe kuna kitu kinachoitafuta kwa hamu, na mimi nikakivalisha blanketi!"

Jioni ile alifika nyumbani bila kuvua kiatu cha kazi, akaenda moja kwa moja kwenye shina la saba, lile la aibu. Kati ya majani aliona vitu viwili vya duara, vidogo kama njegere.

Lakini matumba mawili si ndoo. Na hayo mawili yangeweza kunyauka. Palihitajika shauri, na Jotham, ambaye ni dereva wa basi la mjini na kwa hiyo ana muda mrefu wa kufikiri akiwa kwenye taa nyekundu, alikuwa nalo tayari.

"Maua ya plastiki," alisema. "Pale dukani ni dola moja na robo. Tunafunga kumi na mawili kwa waya. Mama Arlys haoni mbali. Tunamwonyesha kutoka dirishani."

"Na akitaka kunusa?"

"Tunapulizia pafyumu yako ile ya Krismasi."

"Na nyuki?"

"Nyuki watajisemea wenyewe."

Shekinah, binti yao wa miaka kumi na saba, ambaye huelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza, aliwaambia kwamba wote wawili wanapaswa kuona haya. Kisha akauliza yatakuwa ya rangi gani.

Nkatha anakiri kwamba alilitafakari jambo hilo kwa dakika nne. Ni dakika anazozijutia, ingawa bado anaamini kwamba waridi iliyopauka ingefaa.

Jumapili, baada ya kanisa, alipanda ghorofani na sahani ya mandazi. Ikumbukwe kwamba Arlys amemkataza mara nyingi kumwita kwa cheo chochote. Nkatha hawezi. Jina tupu la mtu wa miaka themanini na minne linamkwama kooni, kwa hiyo humwita Mama Arlys, na Arlys amechoka kukataa.

"Mama Arlys, mashina yako sita hayatachanua mwaka huu. Kosa ni langu."

Arlys aliweka kikombe chini. "Kosa gani?"

"Nilichimba mpaka hapa." Nkatha akasimama, akaonyesha goti.

Bibi alilitazama goti. Akatazama dirishani. Akalitazama goti tena. "Kwa nini?"

"Kwetu ndivyo tunavyopanda ndizi."

"Hm," alisema Arlys. "Hiyo ni tofauti."

Katika jimbo hili, mtu akikuambia kitu ni tofauti, amekikataa kwa adabu ya juu kabisa. Nkatha anajua hilo. Amelisikia kuhusu ugali, kuhusu nyimbo zake, na kuhusu njia yake ya kuegesha gari. Akangoja hukumu. Badala yake lilikuja swali.

"Kwa nini ndizi ziende chini hivyo?"

"Upepo. Mgomba una mwili mkubwa na mizizi mifupi. Usipoushika chini, unaanguka pamoja na mkungu wake."

"Na ukishazaa?"

"Unakatwa. Hauzai mara mbili. Lakini mtoto wake huwa ameshaota kando, ndiye anayeendelea."

"Shimo lilelile?"

"Shimo lilelile. Migomba mingine ya babangu ina miaka hamsini."

Arlys alichukua andazi, akalila lote, akapangusa vidole.

"Nilisema tarehe kumi na mbili," akasema. "Sijabadilisha."

"Sawa, Mama."

"Haya mandazi ni mazuri."

"Asante, Mama."

Ndiyo maana asubuhi hii ya Mei Nkatha anachuchumaa mikono ikiwa nyuma. Ndiyo maana sisimizi wale hawajafukuzwa. Mzee wa soksi alimwambia wanafuata utomvu mtamu na hawadhuru chochote, na Nkatha sasa humtii mzee huyo kuliko daktari wake. Miche mia moja kumi na minane inaingia ardhini siku hiyohiyo, kwa mistari sita, bila yeye kujua kama ataivuna au ataing'oa. Alipoulizwa kwa nini asisubiri wiki mbili ajue moja, alishangaa.

"Managu yatasubiri nini? Hayo hayana kesi."

Wiki ya kwanza ya Juni ilileta mvua ya mawe. Nkatha aliona mawingu akiwa amevaa tayari sare ya kazi. Akachukua mwavuli mkubwa wa Jotham, akaufunga kwenye uzio kwa leso zake mbili za kujifunga kiunoni, juu ya shina la saba, akawasha gari. Jotham alifika kwenye kituo cha mabasi ameloa mpaka kwenye soksi.

"Niliwaambia wenzangu kwamba mwavuli wangu uko kazini," anasema. "Nilisema umepewa ulinzi wa kiongozi."

Siku ya Jumanne, wiki ya pili ya Juni, tumba la kwanza lilifunguka. Lilikuwa la waridi iliyokolea katikati na kupauka pembeni, pana kama sahani ya chai, na harufu yake ilifika kwenye ngazi. Jumatano likafuata la pili. Mashina mengine sita yaliendelea na majani yao, bila aibu.

Alhamisi Arlys alishuka, akisukuma kigari chake cha kujishikiza anapotembea, akakivusha nyasi hatua kwa hatua mpaka kwenye uzio. Aliinama kadiri nyonga mpya ilivyomruhusu, akanusa.

"Hili ulilichimbaje?"

Ilibidi Nkatha aseme kweli. "Hili sikulichimba, Mama. Nilikutana na mzizi, na nilikuwa nimechelewa kazini. Nililiweka tu. Hili ndilo nililolifanya vibaya."

Mabega ya Arlys yalianza kutikisika. Nkatha alidhani analia, akanyoosha mikono kumshika kama anavyowashika wazee wa New Hope. Bibi alikuwa anacheka.

"Mama yangu angekuambia hilo ndilo pekee ulilolifanya vizuri."

Ijumaa, tarehe kumi na mbili, hapakuwa na ndoo. Nkatha alimpeleka Arlys makaburini kwa gari lake, na maua mawili ndani ya chupa ya jemu, ambayo Arlys aliipakata njia nzima kwa mikono miwili. Alikataa kusaidiwa kuiweka. Ilimchukua muda mrefu. Nkatha alisimama hatua tatu nyuma, akatazama pembeni, kama inavyopasa mtu anapozungumza na mama yake.

Walikuwa njiani kurudi, wamesimama kwenye taa nyekundu, Arlys alipofungua kinywa.

"Nilisema zichanue," alisema. "Zimechanua. Nyasi ibaki dukani."

Taa ikawa ya kijani, na dereva wa nyuma akapiga honi, jambo ambalo katika mji huu ni sawa na kutukanwa hadharani. Hata hivyo Nkatha alihitaji sekunde chache kabla ya kuona barabara vizuri.

"Lakini Septemba," Arlys aliendelea, "utayafukua yale sita. Mimi nitakaa kwenye kiti pale kando. Nitashika rula."

Sasa managu yamefika kifundoni na terere imeanza kutoa majani ya kuchumwa. Nkatha amenunua kalenda ya ukutani, ameitundika kando ya friji, na kuzungushia duara wikendi ya pili ya Septemba. Amekwisha kuomba ruhusa kazini. Mzee wa soksi ameomba apigiwe picha za kila hatua, na Jotham ameamriwa kuwa mbali na sepetu siku hiyo.

Alipoulizwa kama anaogopa kukosea tena, aliitazama mikono yake, akaigeuza juu na chini.

"Nitachimba inchi mbili," alisema. "Nitazifunika. Halafu nitaondoka pale mbio, kabla mikono haijakumbuka Igoji."